Rangi za mafuta za Marshall's: tathmini kwa wanaotia rangi picha za watu kwa mkono

Rangi za Marshall's zilitengenezwa kwa kazi moja tu: kutia rangi picha ya nyeusi na nyeupe iliyochapwa kwenye karatasi. Asili yake ni kampuni ya John G. Marshall ya Brooklyn, New York, enzi ambazo studio za picha ziliajiri watu maalumu wa kupaka rangi mashavu ya maharusi na vifungo vya sare za wanajeshi. Kwa anayepiga picha za watu zenye kisa ndani yake, mtu akiwa na barua mkononi, sanduku la safari miguuni, macho yakitazama dirishani, hatujaona bidhaa nyingine inayotoa kwa wepesi ule mwonekano wa rangi iliyopoa, yaani isiyo kali, wa picha za zamani. Zinastahili kununuliwa. Ila hazifichi kitu. Rangi hizi zinapitisha mwanga, kwa hiyo macho ya mtazamaji yanapita ndani yake na kufika kwenye picha yenyewe. Taa ikiwa mbaya, nguo ikiwa nyeusi mno, au karatasi ikiwa si yake, hakuna tyubu itakayoiokoa kazi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tathmini hii inahusu mambo ya kabla tyubu haijafunguliwa.

Kilichomo ndani ya seti

Seti huja na tyubu ndogo za rangi, chupa ya P.M. Solution, tyubu ya Extender, na katika seti nyingi kuna Marlene, pamba na vijiti. P.M. Solution ni maji ya kuandaa uso wa picha. Yanaacha utando mwembamba unaofanya rangi iteleze na isambae sawasawa, na pia yanafuta rangi iliyokosewa kabla haijakauka. Marlene ni kifutio chenye nguvu zaidi, cha kusafisha kingo na kurudisha weupe wa karatasi pale rangi ilipovuka mpaka. Extender haina rangi: kazi yake ni kupunguza ukali wa rangi nyingine bila kubadilisha asili yake.

Hiyo Extender ndiyo roho ya seti nzima kwa anayetaka rangi zilizopoa, na ndiyo wengi wanaoiacha sandukuni. Badala yake wanachukua Titanium White wakidhani nyeupe itapunguza ukali. Nyeupe haipitishi mwanga. Ukiichanganya na rangi ya ngozi unapata uso uliopakwa chaki, vinyweleo na mikunjo ya ngozi vimefunikwa, na picha inapoteza uhai. Nyeupe iwekwe kwa nukta tu: lulu ya hereni, mng'ao wa kikombe, uzi wa lesi. Kupunguza ukali ni kazi ya Extender. Kwa ngozi, anza na sehemu moja ya rangi kwa sehemu tatu za Extender. Kwa nguo, nusu kwa nusu.

Majina ya rangi yanasaidia anayeanza, kwa sababu baadhi yametajwa kwa kazi yake: Flesh kwa ngozi, Cheek kwa mashavu, Lip kwa midomo, Tree Green kwa majani. Lakini msaada huo una mtego. Flesh inaelekea kwenye waridi na ilikusudiwa ngozi nyeupe. Ukiipaka juu ya ngozi nyeusi au ya maji ya kunde inakuwa kama poda iliyokosewa, kijivu chenye waridi juu yake. Kwa ngozi hizo tumia Raw Sienna, manjano ya udongo, ikiwa msingi, Verona Brown, ambayo ni hudhurungi, pembeni mwa uso na chini ya taya, na badala ya Cheek weka Verona Brown yenye chembe ya Carmine, nyekundu iliyokoza. Midomo vivyo hivyo: Lip peke yake inapiga kelele, ikitiwa Verona Brown kidogo inatulia. Hili ndilo pungufu kubwa la seti ndogo, kwamba imefikiriwa kwa aina moja ya ngozi. Tyubu za kujazia pungufu hilo zipo, ila unalazimika kujua majina yake.

Kwa nini mafuta, si rangi za maji

Kupaka picha rangi kwa mkono kuna umri unaokaribia wa upigaji picha wenyewe. Daguerreotype, picha ya awali iliyopigwa juu ya bamba la shaba lenye fedha, ilitangazwa mwaka 1839, na miaka michache baadaye Johann Baptist Isenring wa Uswisi alikuwa tayari anatia picha zake rangi ya unga. Huko Yokohama, kuanzia miaka ya 1860, studio ya mpiga picha Felice Beato iliuza picha zilizopakwa rangi za maji na mafundi wa Kijapani, kazi laini ambayo bado inatamaniwa. Rangi za maji, pamoja na za Peerless zinazouzwa hadi leo kwenye vikaratasi vikavu, zinazama ndani ya gelatini, utando unaobeba picha juu ya karatasi. Zinatoa rangi safi sana, lakini kosa likishazama halitoki kirahisi, na eneo kubwa kama ukuta au gauni hupata mistari pale brashi ilipokutana na sehemu iliyoanza kukauka. Rangi ya mafuta inakaa juu. Ina siku nzima ya kufutwa, kusuguliwa, kupunguzwa. Kwa rangi zilizopoa tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu upoaji wenyewe unapatikana kwa kusugua rangi mpaka ibaki dalili yake tu.

Rangi za mafuta za wachoraji wa turubai zinaweza kutumika kwa dharura, ila nyingi hazipitishi mwanga, na ambazo chembe zake hazikusagwa laini huonekana waziwazi juu ya ngozi ya uso. Hapo Marshall's inashinda kabisa.

Picha inayokubali rangi

Kanuni ni moja: rangi inayopitisha mwanga inaonekana juu ya kijivu chepesi na cha kati. Juu ya weusi haionekani kabisa, na juu ya weupe mtupu inaonekana ya bandia, kama stika. Kwa hiyo kisa chote kipangwe kuelekea kijivu.

Anza na nguo. Gauni jekundu zito linavutia jukwaani, lakini kwenye filamu linaweza kutoka karibu jeusi, na ukitumia filamu isiyoona wekundu, kama Ilford Ortho Plus, linatoka jeusi kweli. Ukitaka gauni jekundu kwenye picha ya mwisho, mvalishe mhusika gauni la rangi ya maziwa au la bluu hafifu, kisha wekundu uupake mwenyewe. Kwa mantiki hiyo hiyo kitambaa chenye mikunjo mingi ni bora kuliko kilichonyooka, maana mikunjo inatoa daraja za kijivu ambazo rangi inazifuata. Kitambaa kinachong'aa kama satini kinaleta madoa meupe yasiyoshika rangi. Pamba, kitani na sufu vinakubali vizuri.

Ortho Plus ina kasi ya ISO 80 kwa mwanga wa mchana na 40 kwa taa za balbu, na inaleta sura ya kale bila ujanja: midomo inakuwa mizito, anga na macho ya bluu yanapauka, kila alama ya wekundu kwenye ngozi inajitokeza. Kwa picha ya mzee mwenye uso wenye historia, ni nzuri mno. Kwa kijana mwenye chunusi ni adhabu, kwani kila chunusi inakuwa doa jeusi ambalo Flesh haiwezi kulifunika. Kwake tumia filamu ya kawaida.

Taa iwe moja kubwa na laini, dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja au softiboksi yenye upana usiopungua sentimita 90, ikikaa pembeni mwa uso. Upande wa pili weka ubao mweupe karibu kiasi cha kufanya tofauti ya pande mbili za uso iwe stopu moja, yaani upande mmoja upate mwanga mara mbili ya mwingine, isizidi stopu moja na nusu. Wapiga picha wanaopenda vivuli vizito wanasikia hili kwa uchungu, lakini nusu ya uso ikizama kwenye weusi itabaki nyeusi hata baada ya kupakwa, huku nusu nyingine ikiwa na rangi, na uso utaonekana umekatwa katikati. Mhusika akae mita moja na nusu hadi mbili mbele ya pazia la nyuma, lenzi ikiwa kwenye f/5.6 au f/8, ili pazia lilainike bila kupotea kabisa. Pazia lililopakwa madoadoa ya kijivu linapokea rangi kuliko ukuta mtupu. Ukuta mtupu unaonyesha kila mzunguko wa pamba.

Kuhusu kisa chenyewe, idadi ya vitu iwe ndogo kwa sababu za kazi, si za urembo peke yake. Kila kitu unachokiweka kwenye fremu kitadai rangi yake na kingo zake. Meza yenye maua, vitabu, saa, kikombe na miwani ni siku nzima ya kuzungusha pamba kwenye vijiti, na mwishoni rangi sita zinagombana. Tendo moja na kitu kimoja kinachobeba kisa vinatosha: barua iliyofunguliwa nusu, kofia ya mtu asiyekuwepo ikiwa juu ya kiti. Hicho kimoja ndicho kipewe rangi iliyokoza kuliko vingine. Mikono isikae mbele ya nguo yenye kijivu sawa na ngozi, vinginevyo kingo za vidole hazitaonekana na utakisia mpaka wa rangi.

Kuchapa

Karatasi ya matte, yaani isiyong'aa, yenye msingi wa nyuzi ndiyo inayostahili. Ilford Multigrade FB Classic ya matte, inayotambulika kwa alama 5K, ina uso wenye meno madogo yanayoshika mafuta bila kuyanyonya. Multigrade Art 300, yenye msingi wa pamba na uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba, ni ya kifahari zaidi na haijikunji, ila mkwaruzo wa uso wake unaonekana kwenye nyuso ndogo, kwa hiyo inafaa picha kubwa. Karatasi ya plastiki inayong'aa ni chanzo cha malalamiko mengi dhidi ya rangi hizi: mafuta yanateleza, yanajikusanya vidonge, na pamba inaondoa ulichoweka. Hapo rangi haina kosa. Kama karatasi hiyo ndiyo uliyonayo, inyunyizie kwanza vanishi ya matte mara mbili kwa tabaka nyepesi, uiache ikauke kabisa.

Saizi isipungue sentimita 20 kwa 25. Chini ya hapo jicho linakuwa dogo kuliko ncha ya pamba. Acha ukingo mweupe wa sentimita mbili pande zote. Ni pa kushika na pa kujaribia rangi.

Chapa picha nyepesi kidogo kuliko unavyoipenda, na kontrasti ya daraja la 2 au nusu daraja chini yake. Kisha itie sepia, yaani igeuze kijivu chake kuwa hudhurungi kwa dawa mbili: ya kupausha, kisha ya toni. Hatua hii si lazima kwa mujibu wa kampuni yoyote, ila kwetu ndiyo inayotenganisha kazi nzuri na ya kawaida. Ngozi iliyopakwa juu ya kijivu baridi inaonekana ya mgonjwa. Juu ya hudhurungi ya sepia inapata damu. Dawa ya kupausha ni gramu 10 za potasiamu ferisianaidi na gramu 10 za potasiamu bromaidi kwa lita moja ya maji. Itoe picha wakati kijivu chepesi kimeanza kugeuka manjano na vivuli bado vyeusi, ioshe mpaka manjano ya dawa yaishe, ndipo uiweke kwenye toni. Vivuli vilivyobaki vyeusi vinaipa picha uti wa mgongo. Toni ya salfaidi inanuka yai bovu na mvuke wake unaharibu karatasi ambayo bado haijatumika, kwa hiyo kazi hiyo ifanyike mbali na chumba cha giza, penye hewa, na salfaidi isikutane kamwe na asidi: gesi inayotoka ni sumu. Madoa ya manjano yanayojitokeza baada ya toni mara nyingi ni mabaki ya dawa ya kugandishia picha (fixer); picha haikuoshwa vya kutosha kabla.

Vumbi jeupe kwenye picha lizibwe kwa rangi ya maji ya kurekebishia kabla ya mafuta. Baada ya mafuta, maji hayashiki.

Mkono juu ya karatasi

Dondosha P.M. Solution kwenye pamba, pitisha uso wote wa picha, kisha kausha kwa pamba safi mpaka mkono usihisi unyevu. Utando ukibaki mzito rangi inaogelea. Ukikosekana, rangi inanasa pale ilipogusa kwanza na kuacha doa. Alama ya kidole nayo hujitokeza baada ya rangi kupita juu yake, ndiyo maana glavu za pamba hazina mbadala.

Kiasi cha rangi kwa gauni zima ni kama punje ya mchele. Ikamulie kwenye kipande cha kioo, changanya na Extender, chukua kwa pamba, paka kwa miduara. Hapo itaonekana imekoza mno, na ndivyo inavyotakiwa. Sasa chukua pamba safi na usugue, ukibadilisha upande wa pamba kila mara, hadi rangi ibaki kama kumbukumbu ya rangi. Anayeogopa kusugua anabaki na picha ya kadi ya sikukuu.

Pazia la nyuma litangulie, kisha nguo, kisha nywele, uso uje mwisho. Sababu ni kwamba pazia huvuka mipaka na kuingia usoni kila wakati; ukianza na uso utaupaka mara mbili. Baada ya pazia, safisha uso kwa Marlene kwenye pamba iliyosokotwa ncha ya kijiti, na ukimaliza pitisha P.M. Solution tena mahali hapo, kwani Marlene imeondoa pia ule utando wa kwanza. Hatua hii ndogo ikirukwa, ngozi inapata madoa ambayo mtu huilaumia tyubu ya Flesh.

Shavu lisipakwe duara. Weka tone chini ya mfupa wa shavu, livute kuelekea sikioni, kisha fifisha kingo zote kwa pamba kavu. Weupe wa jicho uachwe kama ulivyo kwenye sepia, au uguswe kidogo sana na kijivu. Anayetia nyeupe anapata macho ya mwanasesere. Meno vivyo hivyo.

Kupoza rangi kunafanyika kwa kuichanganya na rangi iliyo kinyume chake au na Neutral Tint, ambayo ni kijivu. Tree Green yenye chembe ya Neutral Tint inakuwa kijani cha majani makavu. Chinese Blue ni kali sana, tone la Sepia linaishusha hadi bluu ya kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Ukichanganya rangi tatu au zaidi, matokeo ni tope, na tope linalopitisha mwanga linaonekana kama picha chafu. Asili nne za rangi katika picha nzima zinatosha, ngozi ikiwemo.

Ukaukaji ni wa taratibu. Tabaka jembamba linahitaji siku kadhaa, lililokolea linaweza kufika wiki, na unyevunyevu wa hewa unaongeza. Laza picha ndani ya sanduku lenye kifuniko kilichoinuliwa kidogo, vumbi lisitue. Tabaka la pili lisubiri la kwanza likauke, la sivyo pamba italing'oa. Pamba zilizolowa mafuta zisirundikwe kwenye kapu: mafuta yanayokauka hutoa joto na rundo linaweza kushika moto lenyewe. Ziweke kwenye kopo la chuma lenye maji na kifuniko.

Wanaochapa kwa printa

Rangi hizi zinafanya kazi pia juu ya picha ya printa yenye wino wa pigimenti (wa chembe za rangi) kwenye karatasi nzito ya pamba, kwa sharti moja. Tabaka la karatasi hizo lina vitundu vidogo, P.M. Solution inazama na kuacha doa, na rangi haifutiki tena. Nyunyizia vanishi ya matte mara mbili, acha ikauke usiku kucha, jaribu kwenye ukingo. Hata hivyo weusi wake hauna kina cha fedha na gelatini, na vanishi inapunguza ule mshiko wa pamba. Inatosheleza kwa kujifunzia na kwa kazi za kuonyesha, si kwa kazi unayotaka iitwe bora. Wino wa dai (dye), ambao rangi yake imeyeyushwa badala ya kuwa chembe, usitumike.

Kinachofaa kununuliwa kwanza

Seti kubwa inavutia macho, lakini kwa mtindo huu nusu ya tyubu zake hazitafunguliwa. Chukua seti ndogo yenye P.M. Solution, Extender na Marlene, kisha uongeze kwa tyubu mojamoja: Verona Brown, Raw Sienna, Sepia na Neutral Tint, na Extender ya pili kwa sababu ndiyo itakayoisha kwanza. Penseli za Marshall's ziwe za baadaye. Ni nzuri kwa vito, kope na maandishi ya barua, ila zinaacha mstari mgumu usiposugua mara moja kwa kijiti chenye pamba, na juu ya karatasi yenye mkwaruzo kama Art 300 zinashika vilele tu na kuacha mabonde meupe. Kabla ya kugusa picha unayoipenda, chapa nakala tatu zinazofanana: moja ya kujaribia mchanganyiko, moja ya kazi, moja ibaki bila rangi kando ya meza ili uone jicho lako limezoea ukali kiasi gani.